Siku Mama Mkubwa Alipokufa kwenye Grupu

Mimi ni fundi wa kushona, na huo uadmini sikuuomba. Nilipewa kwa sababu ya futi ya kupimia. Mkunga wetu alipofariki, yule mama aliyezalisha nusu ya watu wa mtaa wetu hapa Nyakabiga, familia yake iliamua kwamba siku ya kuondoa matanga, ile tunayoiita kwa Kifaransa chetu levée de deuil, akina mama wote wavae imvutano, zile nguo zetu za kujitanda begani, za rangi moja, na chini yake blauzi za kufanana. Blauzi haishonwi kwa kubahatisha. Basi nikafungua grupu kwenye simu ili kila mtu anitumie vipimo vyake, na ndiyo maana mpaka leo naweza kukwambia nani kanenepa na nani anadanganya.

Kwenye lile grupu niliweka picha ya mkunga. Miezi yote ya kilio picha ilikaa pale juu, na grupu likawa na adabu ambayo sijawahi kuiona hata msikitini. Watu waliagana kwa upole, waliombana radhi kwa kuchelewa kujibu. Utamtukana vipi jirani yako mbele ya mama aliyewaona nyote wawili mkiwa uchi, mnapiga kelele, hamjui hata kushika shingo?

Matanga yakaondolewa. Watu wakala, hotuba zikasomwa ndefu, na kwa desturi yetu siku hiyo ikipita, kilio kimefungwa, marehemu anaachwa apumzike. Nikaondoa picha yake, nikaweka ya maua. Grupu lenyewe sikulifunga. Nilijitakia mwenyewe, nisimlaumu mtu.

Mwanzoni lilitufaa. Maji yamekatika barabara ya juu, ya chini bado yapo. Kuku mwekundu amepotea. Kesho Jumamosi ni kazi za pamoja, mtu asije kujificha ndani na mfereji umejaa takataka. Wengine walikuwa wamehamia mtaa wa Kinama, wengine wako Ubelgiji, lakini wote walibaki mle ndani, wakituma salamu na picha za watoto. Mi nilikuwa nashona, sikio moja kwenye cherehani, jingine kwenye simu, na nilifurahi.

Sasa, nyuma ya nyumba ya mkunga kuna chumba cha uani. Humo anakaa binti mmoja aliyekuja kutoka mtaa wa Mutakura akiwa na mimba na begi moja. Mkunga alimzalisha, kisha akamwambia abaki. Anatengeneza juisi ya marakuja na mandazi, anauza hapo getini. Uani humo humo anaishi dada yake marehemu, mzee sana, ambaye mtaa mzima tunamwita mama mkubwa. Nyumba yenyewe sasa ni ya mtoto wa marehemu, aliye Ubelgiji. Na upande wa pili wa barabara, akiangaliana na karakana yangu, yuko msusi, rafiki yangu wa miaka mingi, mwenye ulimi mkali na moyo mwepesi. Mtoto wake mdogo alikuwa mteja mkubwa wa ile juisi.

Siku moja mtoto akashikwa na homa, akatapika. Msusi akatuma sauti kwenye grupu, analia. "Mutoto wangu amekunywa juisi ya yule wa Mutakura, sasa anatapika. Mi nasema tu. Mukuwe macho."

Mi nasema tu! Nalichukia neno hilo, wallahi. Mtu akishasema hivyo, jua ameshafanya.

Nilisimamisha cherehani. Kabla sijamaliza kusikiliza, zilikuwa zimeingia sauti nyingine. Mmoja akauliza juisi ile inatengenezwa na maji gani. Mwingine akasema hata yeye tumbo lilimsumbua, kumbe ni mwezi uliopita, na alikuwa ametoka harusini. Kufikia adhuhuri juisi ilikuwa imeshageuka sumu, na binti ameshageuka mlozi. Mtu mmoja akatuma picha ya mlango wake. Mlango tu, umefungwa, na chini yake akaandika: "Hapa njo anakaa." Sisi watu wazima wa mji huu, tulioiona vita, tunajua nini kinaweza kufuata mlango ukishaonyeshwa kwa kidole. Hatupendi kuyazungumza, lakini tunajua.

Nikaanza kufuta. Ewe unayesoma, kama hujawahi kuwa admini, usidhani ni kazi ya kubonyeza tu. Nikifuta ujumbe, panabaki maneno kwamba umefutwa na admini, na hapo wanaamka hata waliokuwa hawajausoma. "Kilikuwa nini? Nani anacho? Nitumieni." Na anacho kila mtu, wameshapiga picha ya skrini. Sauti ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu huwezi kuipitia kwa jicho. Lazima uisikilize mpaka mwisho, dakika nzima mtu anasalimia kwa Kirundi, anamshukuru Mungu kwa Kifaransa, halafu tusi linakuja mwishoni kwa Kiswahili. Nilijichoma sindano kwenye kidole nikisikiliza matusi ya watu ambao blauzi zao nilizishona mimi.

Nikalifunga grupu, wasiweze kuandika ila mimi. Wakafungua jingine, nami nikalifungua tena langu. Nikamtoa mmoja aliyezidi, akarudi na namba mpya na picha ya simba. Nikaandika kwa hasira: "Asiye na adabu atoke, mlango uko wazi!" Nikajibiwa kwamba mimi natetea mlozi kwa sababu nakunywa juisi yake bure. Bure! Mume wangu akaniambia, "Hiyo simu itupe ziwani, ukae na amani." Nikamwambia aitupe yake kwanza.

Mtoto akapelekwa kwenye kituo cha afya, akapimwa, akakutwa na malaria. Msusi mwenyewe ndiye aliyenipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, chanuo mkononi: "Ni malaria tu, Mungu asifiwe! Ameshaomba chakula!"

"Sifa kwa Mungu," nikamjibu. "Sasa liseme kwenye grupu."

"Nitasema."

Hakusema. Nilimkumbusha, akadai simu haina moto, yaani chaji. Nilipombana sana, akaacha kumsuka mteja, akanitazama. "Dada, watu wameshasema mengi kupita mimi. Nikirudi nyuma sasa, nani atakuwa muongo? Ni mi peke yangu." Alikuwa anaona haya, na haya yenyewe ikamfanya mkali. Tukanuniana. Nikaandika mimi kwamba mtoto alikuwa na malaria na amepona. Walioniitikia ni wachache sana. Ile sauti ya kwanza ilikuwa imefika mpaka Kinama, lakini maneno yangu hakuna aliyehangaika kuyapeleka popote.

Halafu ikaja sauti kutoka Ubelgiji. Mwenye nyumba, mtoto wa mkunga, kijana mtaratibu, alituma kwenye grupu mbele ya watu wote. Alisema yeye hamhukumu mtu, lakini hataki nyumba ya mama yake iwe na sifa kama hiyo. Mwezi ukiisha, yule binti atoke.

Nilikwenda kumwona binti. Nilimkuta anamwaga juisi kwenye shina la mpapai, jagi baada ya jagi, kwa sababu hakuna aliyenunua na ilikuwa imeanza kuchacha. Mtoto wake alikuwa anacheza na mifuniko ya chupa. Hakulia, na afadhali angelia.

"Niende wapi, mama?" akaniuliza. "Nirudi Mutakura? Hiyo sauti imeshafika Mutakura. Mama yangu mudogo amenitumia, ananiuliza kama ni mimi. Kila pahali nitapanga chumba, watasikia. Nitauza nini? Nani atakunywa kitu kimetoka mu mikono yangu?"

Nilirudi nyumbani nimefura, nikamfokea mume wangu kwa jambo la chumvi ambalo hakulifanya.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa karakanani, pasi inapata moto, uzi mdomoni, nikiwaza jinsi grupu lilivyokuwa na heshima picha ya mkunga ilipokuwa pale. Wazo likaja. Nirudishe picha! Wamwone aliyempa yule binti chumba, waone haya kidogo. Nikaitafuta kwenye simu. Nilikuwa nazo kama mbili, ile ya mwisho na ile ya kwanza ambayo mpiga picha aliitengeneza tukaikataa. Sikuangalia vizuri. Mimi nilimwona mkunga, na macho yake yale, nikabonyeza. Nikaiacha simu kwenye kabati ipate moto, nikawasha cherehani, nikazama kwenye kola ya shati.

Hiyo ya kwanza tuliikataa kwa sababu ndani yake wamekaa wawili, mkunga na dada yake bega kwa bega, na chini yao mpiga picha ameweka mshumaa unaowaka na msalaba. Ya pili ndiyo iliyomkata dada mtu, kwa kuwa alikuwa mzima. Na ni mzima!

Sikujua kitu mpaka nilipomwona jirani anapita mbio, kiti cha plastiki kichwani.

"Na kiti hicho wapi?" nikamuuliza.

"We hujasikia? Mama mukubwa ametuacha! Amemufuata mudogo wake!"

Yoo! Uzi ukanitoka mdomoni. Mama mkubwa, ambaye jana tu alinitukana kwa upendo kuhusu mshono wa gauni lake! Nikazima pasi, nikafunga kilemba, nikatoka nalia. Ndiyo, nalia, barabarani, mchana kweupe, mikono kichwani. Watu walikuwa wanatoka kila mlango. Mmoja amebeba bashi ya kufunika uani, mwingine thermos ya chai. Msusi alinipita hana viatu, mteja wake nyuma yake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

Nikiwa karibu na geti, nikamuuliza mwenzangu kati ya machozi, "Nani amekupa habari?"

"Si wewe! Kwenye grupu! Umeweka mushumaa!"

Niliona kila kitu kwa mara moja, na lau ardhi ingekuwa na mlango ningeingia. Lakini watu walikuwa wananisukuma kwa nyuma, nikajikuta ndani.

Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage. Aliinua uso akatuona tunaingia tunalia, viti juu ya vichwa. Hakushtuka sana, katika umri wake ameona vilio vingi. Alijifuta mikono.

"Poleni wanangu," akasema. "Nani amekufa?"

Tukatazamana. Mwisho mzee mmoja, fundi wa magari, akavua kofia yake. "Ni wewe, mama."

"Mimi? Saa ngapi?"

Wakati huohuo msusi alikuwa hasikii wala haoni. Alikuwa ameingia anapiga mayowe, amefunika uso kwa kanga, akajikwaa kwenye jiwe la kufulia, na kabla hajaanguka mtu akamdaka. Alimkumbatia huyo mtu akalia begani kwake kwa nguvu zote, "Ametuacha, ametuacha, nani atanilindia watoto wangu sasa!" Na huyo mtu naye alikuwa analia, anampapasa mgongo. Alikuwa ametoka kuchota maji, ndoo imemwagika, amesikia vilio getini akaamini kama sisi wote. Ni yule binti wa Mutakura.

Ndipo kicheko kilipoanza. Mama mkubwa alicheka mpaka akashika ubavu, akisema anataka kuona kaburi lake limechimbwa wapi. Watu wakacheka, wengine machozi bado yanatiririka. Msusi akanyanyua uso, akamwona mama mkubwa anacheka, kisha akaona ni nani aliyemshika. Wakaachiana. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kwa sababu wote tuliona.

"Admini yuko wapi?" mtu akauliza. Wakanigeukia. Nilisema, nilijitetea, nikaeleza habari ya picha mbili, nikazidi kujiharibia. Fundi wa magari akapendekeza nitolewe kwenye grupu langu mwenyewe.

"Mwacheni," mama mkubwa akasema. "Mumekuja kunililia na jua hili, hamuwezi kutoka mdomo mukavu. We binti, leta juisi."

Uani pakawa kimya kama vile kweli kuna maiti ndani. Binti alisimama akinyonganyonga ncha ya kanga yake, kisha akaingia chumbani, akatoka na jagi na glasi. Kwetu mtu hampi mgeni kinywaji bila kukionja yeye kwanza mbele ya macho yake. Ni desturi ya zamani, na siku nyingi tunaifanya haraka haraka, bila kuifikiri. Siku ile haikufanywa haraka. Binti alimimina, akapeleka glasi mdomoni, meno yake yakagonga kioo. Akameza. Akanyoosha mkono na ile glasi, na ule mkono ukabaki hewani.

Watu walitazama chini. Mimi mwenyewe, niliyemtetea kwa hasira zote zile, nilichelewa. Nasema ukweli, nilichelewa kwa pumzi moja, na pumzi hiyo naikumbuka.

"Lete hapa!" mama mkubwa akafoka. "Mi nimeshakufa leo, itanifanya nini tena?"

Akainywa yote, akabeua kwa kuridhika, akaomba iongezwe sukari kesho. Watu wakacheka tena, lakini bado hakuna aliyesogea. Binti akamimina ya pili. Akaonja. Akaipeleka moja kwa moja kwa msusi, wala sijui ujasiri ule aliutoa wapi. Msusi aliipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu cha mtu wa heshima. Aliitazama. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada, washa simu yako. Sauti. Nataka wasikie na wale wa Kinama, na wa Ubelgiji."

Nikawasha, nikamsogezea.

"Ni mi, mususi," akasema, kisha akaanza upya. "Ni mi. Mutoto wangu alikuwa na malaria. Daktari aliniambia, na mi nilinyamaza kwa sababu ya haya. Huyu binti hana kosa. Nimemuchafulia jina lake, na leo amenidaka nisianguke. Aliyetuma ile sauti yangu ya kwanza, na hii aitume palepale alipotuma ile. Mimi nasema, na niko mbele yake." Nikaituma. Halafu yeye akanywa. Akanywa yote, mbele yetu, akilia, na binti akamwambia polepole, "Pole, mama, utapaliwa."

Baada ya hapo jagi halikutosha.

Simu yangu ikaita bado iko mkononi. Ni mwenye nyumba, kwa video, kutoka Ubelgiji, amevaa koti zito, uso umevimba kwa kulia. "Niambieni, mama mukubwa ameenda saa ngapi?"

Nikampa mwenyewe simu. "Niko kwenye kilio changu," mama mkubwa akamwambia. "Nakunywa juisi." Yule kijana alipiga ukelele, akacheka, akalia, akacheka. Mama mkubwa akamwacha atulie, kisha akasema bila kupaza sauti: "Huyu binti alikaribishwa na mama yako. Mama yako hakukuacha na kazi ya kufukuza wageni wake. Umesikia alichosema mususi?"

"Nimesikia, mama mukubwa."

"Basi?"

"Basi abaki. Mumuambie anisamehe."

Binti alikuwa amesimama palepale, alisikia. Alikaa chini kwenye ukingo wa mfereji, akamvuta mtoto wake akamweka mapajani. Hapo ndipo nami nilipolia kweli, bila makosa ya picha.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yote yamenyooka. Lile grupu jingine lipo bado. Ile sauti ya kwanza inazunguka hadi leo. Juzi tu mama mmoja kutoka Kinama aliniuliza kama huyu ndiye yule mwenye sumu. Nilimwelekeza kwa msusi. Msusi alimkalisha kwenye kiti, akamweleza kila kitu huku anamsuka, na kumsuka kunachukua muda, kwa hiyo yule mama alielewa vizuri. Mi nami nafuta bado, nafunga, nafungua, naambiwa nina upendeleo. Lakini sasa mtu akianza kumsema mwenzake, namjibu jambo moja tu: njoo uani kwa mama mkubwa uliseme hapo, viti vipo. Wengi wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi.

Picha nilitaka kuiondoa siku ileile. Mama mkubwa akakataa. "Iache, nimetoka vizuri. Lakini mushumaa utoe." Nikautoa. Wamekaa pale juu, yeye na mdogo wake, wanatutazama.

Leo asubuhi, nikiwa natia uzi kwenye sindano, simu ililia. Ni binti, kwenye grupu: juisi iko tayari. Kabla sijaweka sindano chini, jibu la kwanza lilikuwa limeshaingia, kutoka ng'ambo ya barabara: "Nibakizie ya mutoto. Niko na kichwa cha mutu mu mikono."